Majani ya Rangi Mbili: Kukusanya na Kuzidisha Mikonge ya Mapambo Uani

Katika nyua za nyumba za Kariakoo, Gerezani, Ilala na Buguruni, ambako udongo wa kulima ni haba, bustani hukaa ndani ya makopo. Kopo la maziwa lina mrehani, ndoo ya rangi iliyopasuka ina mshubiri, na karibu na mlango, mahali penye kivuli, aghalabu pana mmea wenye majani marefu na manene, yaliyosimama wima kama panga, yenye mistari ya kijani kilichofifia na kingo za manjano. Mmea huu hauombi mengi. Husahauliwa bila maji kwa mwezi mzima, na mwenye nyumba akirudi kutoka safari huukuta kama alivyouacha. Ndiyo sababu hupendwa na wengi na kuchunguzwa na wachache.

Hata hivyo, mmea huu una jambo moja linalostahili kuchunguzwa. Mtu akilikata jani lake vipande na kuvichomeka mchangani, vipande hivyo huota mizizi na hatimaye hutoa mimea mipya. Lakini mimea hiyo haina kingo za manjano. Ni ya kijani tu, kama kwamba mama yao hakuwa na rangi nyingine kamwe. Mnunuzi aliyeahidiwa mmea wa rangi mbili hudhani amedanganywa. Muuzaji naye huapa kuwa jani lilikatwa katika mmea ule ule anaoutaka. Wote wawili huweza kuwa wanasema kweli. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini mtu anayetaka kukusanya mimea ya namna hii hana budi kulielewa kabla ya kushika kisu.

Mkonge kabla ya katani ya mashambani

Jina la kitaalamu la mmea huu ni Sansevieria trifasciata, na aina yake yenye kingo za manjano huitwa 'Laurentii'. Utafiti wa DNA uliofanywa katika miaka ya 2010 ulionyesha kuwa sansevieria zote ni tawi la jenasi ya Dracaena, na kwa hiyo vitabu vipya huandika Dracaena trifasciata. Wakusanyaji na wauza maua wameendelea na jina la zamani, nami nitafuata desturi yao.

Asili ya spishi hii ni Afrika ya Magharibi na Kongo. Aina ya 'Laurentii' iliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1904, kutokana na mimea aliyoikusanya Émile Laurent, profesa kutoka Ubelgiji, karibu na Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Lakini jamaa zake wako kwetu pia. Jenasi nzima ina spishi zipatazo 70, nyingi zikiwa za Afrika, na pwani yetu ina sehemu yake katika hesabu hiyo. Sansevieria kirkii, yenye majani mapana ya madoadoa na kingo za mawimbi, ilipewa jina mwaka 1887 kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Unguja. Sansevieria bagamoyensis ilipewa jina mwaka 1913, na msomaji hahitaji kuambiwa jina hilo limetoka mji gani.

Wenyeji wa pwani walikuwa na jina lao kabla ya hayo yote. Waliiita mikonge, wakatwanga na kuparuza majani yake ili kupata nyuzi za kamba. Mwaka 1893 Richard Hindorf alipoleta Tanganyika mkonge wa Amerika, ambao vitoto vyake 62 tu vilisalimika safarini, mgeni huyo alipewa jina la mwenyeji. Baadaye mgeni akawa zao kuu la Tanga na Morogoro, na mwenyeji akalazimika kuitwa mkonge wa porini au mkonge pori. Si mara ya kwanza katika historia yetu kwa mgeni kuchukua jina la mwenye nyumba.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, katika nchi ambayo ardhi huganda kwa miezi kadhaa kila mwaka, niliona jinsi watu wa huko walivyoshikwa na mapenzi ya mmea mwingine wa majani uitwao hosta. Asili yake ni Japani, Korea na China. Hukaa chini ya vivuli vya miti, na thamani yake yote imo katika majani: mapana au membamba, ya samawati, ya dhahabu, yenye kingo nyeupe au katikati nyeupe. Maelfu ya aina zake yameandikishwa rasmi katika daftari maalumu. Wapo waliojaza bustani nzima kwa aina mia tano, kila moja ikiwa na kibao chake. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu wasiokuwa na shughuli. Nilipoambiwa kwamba sehemu kubwa ya aina hizo zilitokana na badiliko la ghafla katika chipukizi moja la mmea mmoja, nikaanza kuzitazama kwa jicho jingine.

Wasomaji wengine wameuliza kama hosta inaweza kuoteshwa Dar es Salaam. Jibu ni kwamba itachipua, itapendeza kwa msimu mmoja, labda miwili, kisha itadhoofika na kufa. Hosta inahitaji usingizi wa baridi: wiki kadhaa mfululizo za joto lisilozidi nyuzi 5 hadi 7 hivi za Selsiasi, ambapo majani hunyauka yote na machipukizi hulala chini ya udongo. Bila usingizi huo hayapati ishara ya kuamka vyema. Dar es Salaam, hata usiku wa Julai, joto huwa la nyuzi 18 au 19. Mwenye shauku isiyozuilika ajaribu Makete au Njombe, ambako sakitu huonekana Juni na Julai. Mkazi wa Ilala na aelekeze nguvu zake kwa mikonge.

Na wala hatakuwa ameiacha hosta mbali sana. Hosta, sansevieria na mkonge wa mashambani wote wamo katika familia moja, Asparagaceae. Tena undugu wa hosta na mkonge wa mashambani ni wa karibu zaidi kuliko wa sansevieria na yeyote kati yao: seti ya msingi ya kromosomu katika mimea hiyo miwili ni 30, chache ndefu na nyingi fupi sana, na ni hadubini iliyowashawishi wataalamu katika miaka ya 1930 kwamba mmea laini wa kivuli cha Japani na mmea wa miiba wa jangwa la Meksiko wana babu mmoja. Kwa macho matupu nani angalisadiki?

Fulana, shati na koti

Sasa turudi kwenye kisu na jani. Mmea hukua kutoka katika ncha ya kukulia, yaani fungu dogo la seli changa zinazogawanyika bila kukoma. Seli za ncha hiyo zimejipanga kwa matabaka. Msomaji amfikirie mtu aliyevaa fulana, kisha shati, kisha koti. Seli za tabaka la nje hugawanyika upande kwa upande na kuzaa seli za tabaka la nje. Za ndani nazo huzaa za ndani. Kwa kawaida koti hubaki koti na fulana hubaki fulana, tangu chipukizi linapoanza mpaka jani linapokomaa.

Itokeapo kwamba seli moja ya ncha hiyo inapata badiliko la ghafla katika urithi wake, kiasi cha kushindwa kutengeneza klorofili ya kutosha, wazao wake wote watakuwa na rangi ya manjano au nyeupe. Wazao hao wakienea mpaka wakalijaza tabaka zima, tunapata mmea wenye vazi moja la manjano na mengine ya kijani. Katika jani la 'Laurentii', seli za manjano hujitokeza ukingoni, na katikati hutawaliwa na seli za kijani. Kwa hiyo anayedhani kuwa anatazama mmea mmoja kwa hakika anatazama mimea miwili iliyokua pamoja kama pacha, mmoja ndani ya mwenzake.

Mmea wa namna hii huitwa kimera. Jina hilo lilitolewa mwaka 1907 na Hans Winkler wa Ujerumani, kutokana na mnyama wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyekuwa na kichwa cha simba, mwili wa mbuzi na mkia wa nyoka. Halina uhusiano wowote na kimera cha togwa. Miaka miwili baadaye mwenzake Erwin Baur ndiye aliyeonyesha, kwa mimea yenye majani ya kingo nyeupe, kwamba siri yote imo katika mpangilio wa matabaka.

Ukilikata jani na kulichomeka mchangani, ncha ya kukulia ya zamani haimo tena. Jani hulazimika kuunda ncha mpya kabisa, nayo huanzia katika seli za ndani, karibu na mishipa ya kupitishia maji na chakula. Seli hizo ni za kijani. Ncha iliyozaliwa na fulana peke yake haiwezi kujishonea koti. Ndipo mtoto anapotoka kijani mtupu, na atabaki hivyo maisha yake yote pamoja na vizazi vyake. Wapo wanaodhani watashinda kwa kukata ukanda wa manjano peke yake; lakini ukanda huo hauna chakula cha kutosha, na hata ukitoa chipukizi lisilo na klorofili, chipukizi hilo halitaweza kujilisha.

Njia iliyo salama ni kugawa shina. Mkonge wa mapambo una shina nene linalotambaa chini ya udongo, na kila kitoto kinachochomoza kando ya mama kimetokana na chipukizi lililokwisha kuwa na matabaka yote kwa mpangilio wake. Kitoto chenye majani matatu au manne hutenganishwa kwa kisu kikali kilichosafishwa, jeraha huachwa likauke kivulini siku mbili au tatu, kisha hupandwa. Nimewaona akina mama wa mitaa ya Ilala wakifanya hivyo bila kusita, na wakimkataza mtoto asikate jani kwa sababu "litatoka bovu". Neno "bovu" si la kisayansi, lakini uchunguzi ulio nyuma yake ni wa kisayansi kabisa.

Hapa pana jambo jingine ambalo mkusanyaji apaswa kuliangalia. Mara chache, katika kopo lile lile la 'Laurentii', hutokea kitoto cha kijani kitupu, kwa sababu matabaka yamechanganyika chini ya udongo. Kitoto hicho kina klorofili nyingi kuliko ndugu zake, hutengeneza chakula kingi zaidi na hukua haraka. Kikiachwa, baada ya miaka michache kopo zima litakuwa la kijani, na mwenyewe atasema kwamba mmea wake "umegeuka". Haukugeuka; umeshindwa mbio na jirani yake. Mwalimu anayetafuta mfano wa uteuzi wa asili usiohitaji visiwa vya mbali anao hapo mlangoni.

Njia hiyo hiyo ya badiliko la chipukizi ndiyo iliyotupatia aina nyingi zilizopo sokoni. Mwaka 1939, katika kitalu kimoja cha New Orleans, lilionekana chipukizi fupi lenye majani yaliyojipanga kama ua la waridi. Likagawanywa, likaitwa 'Hahnii'. Katika 'Hahnii' likatokea tena badiliko la rangi, ikapatikana 'Golden Hahnii' ya kingo za dhahabu. Kwa hosta hali ni hiyo hiyo: 'Frances Williams', mojawapo ya aina mashuhuri kuliko zote, ilionwa mwaka 1936 na mwanamke mwenye jina hilo katika kitalu cha Connecticut, miongoni mwa mimea ambayo wengine waliipita bila kuitazama. Badiliko kama hilo laweza kutokea Buguruni vilevile. Linalotakiwa ni mtu anayetazama.

Mmea unaofungua milango usiku

Ustahimilivu wa mkonge nao una sababu yake. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, wakati wa mchana ili kupokea kaboni dayoksaidi, na hapo hupoteza maji mengi kwa joto la jua. Mkonge, kama nanasi na mpungate, huvifungua usiku. Gesi inayoingia huhifadhiwa katika umbo la asidi ndani ya seli, na kulipopambazuka vitundu hufungwa na usanisinuru huendelea kwa kutumia akiba ya usiku. Wanafunzi wa kidato cha tatu na nne waweza kulithibitisha jambo hili kwa vifaa vya kawaida vya maabara. Watwange uzani sawa wa jani lililokatwa alfajiri na jani lililokatwa alasiri, wachuje, kisha wapime asidi kwa hidroksidi ya sodiamu iliyozimuliwa na kiashiria cha fenolfthaleni. Jani la alfajiri litahitaji hidroksidi zaidi. Watumie mikono na vyombo, si midomo, kwa kuwa majani haya yana saponini, nazo hudhuru tumbo la mtu na la mbuzi.

Kutokana na tabia hiyo ya usiku kumezuka maneno ya wauzaji kwamba mmea huu hutoa oksijeni usiku na hivyo wafaa kuwekwa chumbani. Si kweli. Oksijeni hutokana na kupasuliwa kwa maji kwa nguvu ya mwanga. Pasipo mwanga hakuna oksijeni. Wengine hutaja majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, ya mwaka 1989, kwamba mmea husafisha hewa ya nyumba. Majaribio hayo yalifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa pande zote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ili mimea ilingane na upepo wa kawaida unaopita ndani ya jengo, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Mwenye chumba cha Kariakoo afungue dirisha, na mmea aununue kwa sababu unapendeza.

Makopo, maji na daftari

Kwa mvua ya Dar es Salaam, ambayo ni yapata milimita 1,100 kwa mwaka na sehemu kubwa humwagika wakati wa masika, adui wa mkonge si ukame bali ni kuoza. Chombo kiwe na matundu chini. Udongo uwe nusu mchanga wa mtoni, na nusu nyingine mchanganyiko wa mboji, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na mkaa uliopondwa. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa sababu ya chumvi, na maji ya visima vyenye chumvi yasimwagwe mara kwa mara. Kiangazi, maji mara moja kwa wiki mbili yanatosha. Wakati wa masika makopo yahamishiwe chini ya upenu. Vumbi la barabarani lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwani huzuia mwanga.

Jambo moja halina mjadala: visahani vya kukingia maji chini ya makopo viondolewe au vimwagwe kila wiki bila kukosa. Mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengu, hutaga katika maji machache sana kama hayo, na jiji letu liliipata homa hiyo kwa ukali mwaka 2014 na tena mwaka 2019. 'Hahnii', ambayo majani yake hufanya kikombe, imwagiliwe kwenye udongo na si juu ya majani.

Kinachotofautisha mkusanyo na rundo la makopo ni daftari. Kila mmea upewe namba, na namba hiyo iandikwe kwa penseli juu ya kipande cha plastiki cheupe kilichokatwa katika kopo la mtindi. Wino huliwa na jua katika miezi michache, penseli hudumu. Daftarini yaandikwe mahali mmea ulikotoka, tarehe, jina la aina kama linajulikana, na kama ni kitoto kilichogawanywa au ni jani lililokatwa. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo litakaloeleza, miaka mitano baadaye, kwa nini namba 14 ni ya kijani na mama yake ni wa rangi mbili.

Shule itakayotaka kufanya jaribio lenyewe ichukue mmea mmoja wa 'Laurentii', igawe kitoto kimoja, na ikate jani moja vipande vya sentimita 6 au 7. Ukingo wa chini wa kila kipande uwekewe alama, maana kipande kilichopinduliwa hakioti. Vipande vikauke siku mbili au tatu, kisha vichomekwe mchangani. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi miwili, na chipukizi miezi kadhaa zaidi, kwa hiyo jaribio lianze mwanzo wa mwaka wa masomo na si wiki tatu kabla ya mtihani. Vitabu vyetu vimetegemea mno njegere za Mendel, ambazo wanafunzi wengi wa Dar es Salaam hawajaziona shambani.

Limebaki suala la mahali pa kupata mimea. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko karibu na Ilala, na vichaka vya pwani vina mikonge ya porini, lakini kuchimba mimea katika hifadhi ni kosa la kisheria na ni hasara kwa sayansi: mmea uliong'olewa bila kumbukumbu ya mahali ulipoota hauna tena habari ya kutupa. Kwa anayetaka kuiona miti na mimea ya mapambo iliyopandwa mjini kwa muda mrefu, Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1893, inafikika kwa miguu kutoka Kariakoo.

Hazina iliyo wazi zaidi, na inayopotea haraka zaidi, imo katika nyua zenyewe. Nyumba za zamani za Kariakoo, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa, na makopo yaliyokaa uani kwa miaka thelathini hutupwa pamoja na kifusi. Miongoni mwake huenda imo aina ambayo haipo katika kitalu chochote, iliyotokea katika ua huo huo na kutunzwa na bibi mmoja na majirani zake kwa kupeana vitoto. Mwanafunzi anayesikia kwamba nyumba ya mtaani kwao inahamwa aende mapema, apige hodi, aombe kitoto kimoja cha kila aina, na amwulize mwenyewe alikipata wapi na mwaka gani. Penseli na daftari awe navyo mkononi wakati mama huyo anajibu.